Istilahi za Mtandao wa Nyumbani na Mashine za Gemu: Mfano wa Wilaya za Mbulu na Hanang

Kila chombo kipya kiingiapo nchini huja na maneno yake, na mara nyingi maneno hayo hufika vijijini kabla wasanifu wa lugha hawajapata nafasi ya kuyatazama. Ndivyo ilivyokuwa kwa redio, kwa runinga na kwa simu za mkononi. Ndivyo ilivyo leo kwa mashine za kuchezea gemu zinazounganishwa na intaneti. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mashine mbili au zaidi za aina hiyo zinavyoweza kutumia muunganisho mmoja wa nyumbani, na papo hapo kuyachambua maneno yanayotumika kuieleza kazi hiyo. Mfano wetu tumeuchukua katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa sababu zitakazobainika hivi punde.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini ukurasa wa istilahi ushughulike na michezo ya vijana. Jawabu ni kwamba anwani, mlango na kipanga njia ni vitu vile vile vinavyotumika katika ofisi ya mhasibu wa halmashauri, katika maabara ya hospitali na katika chumba cha kompyuta cha shule. Anayejifunza maneno hayo vibaya kwa ajili ya gemu atayatumia vibaya siku atakapoajiriwa. Aidha, tangu mwaka 2021, Sheria ya Tafsiri ya Sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria, mfasiri hana tena nafasi ya kulikwepa neno gumu kwa kuliacha katika Kiingereza. Neno lisiloeleweka leo dukani laweza kuwa neno lisiloeleweka kesho mahakamani.

KWA NINI MBULU NA HANANG

Katika eneo hili jamii za lugha zilizo mbali sana kwa asili huishi kwa ujirani. Kiiraki, kinachosemwa na wakazi wengi wa Mbulu na sehemu kubwa ya Hanang, ni lugha ya Kikushi. Kidatoga, lugha ya wafugaji wanaokaa kuuzunguka Mlima Hanang, ni ya Kinailoti. Kihadza, katika Bonde la Yaeda, kina sauti za kidoko na hakijathibitishwa kuwa na ndugu. Jirani zao wasemao Kinyaturu na Kiiramba ni Wabantu. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu hao sokoni, shuleni na ofisini.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mwunda istilahi. Mtu aliyelelewa katika lugha ya Kibantu anaposikia neno kama kipaza sauti, umbo lake huwa si geni kwake, kwani lugha ya mama yake nayo huunda nomino kwa viambishi vya ngeli. Nomino za Kiiraki hupangwa kwa jinsia tatu, wala hazitumii viambishi awali vya ngeli kama vya Kiswahili. Ni kweli kwamba watoto wengi wa siku hizi huanza kusikia Kiswahili wangali wadogo. Hata hivyo, kwa wengi wao, kanuni ya kwamba ki-, kitenzi na yambwa huunda jina la chombo ni kanuni iliyofunzwa shuleni. Istilahi inayofuata kanuni humsaidia mwanafunzi wa Dongobesh au Katesh kuitambua maana peke yake. Istilahi inayokiuka kanuni humlazimisha kukariri. Kwa hiyo tunayatumia maeneo haya kama kipimo: neno litakaloeleweka huko kwa maelezo machache, litaeleweka popote nchini.

NENO MTANDAO NA MZIGO WAKE

Neno mtandao limefanikiwa mno, hata limeelemewa. Mwananchi aulizwapo anatumia mtandao gani, hutaja kampuni ya simu. Asemapo kwamba mtandao umekata, humaanisha mawimbi hayafiki. Asemapo kwamba ameliona jambo mtandaoni, humaanisha intaneti. Na ndiyo maana iliyokusudiwa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Fundi naye, asemapo mtandao wa nyumba hii, humaanisha vyombo vilivyounganishwa ndani ya nyumba hiyo tu.

Tuseme familia moja mjini Mbulu ina mashine mbili za gemu. Mashine zenyewe zaonana vizuri, lakini hakuna inayoweza kucheza na watu wa nje. Mwenye nyumba akipiga simu na kusema kwamba mtandao ni mbovu, msikilizaji hawezi kujua kama kosa liko kwa kampuni, kwenye mnara, kwenye waya wa sebuleni au ng'ambo ya bahari. Fedha na siku nzima zaweza kupotea kwa sababu ya neno moja. Kwa hiyo tunapendekeza katika maandishi rasmi mgawanyo huu: kampuni itoayo huduma iitwe mtoa huduma, kufika kwa mawimbi kuitwe mawimbi, mfumo wa dunia nzima uitwe intaneti, na neno mtandao liandamane daima na kibainishi chake, kama vile mtandao wa nyumbani, mtandao wa shule, mtandao wa ofisi.

JINA LA MASHINE YENYEWE

Kwa mashine ya kuchezea gemu majina matatu yanapigania nafasi. La kwanza ni jina la biashara la mashine mojawapo, ambalo watu wamelifanya jina la mashine zote. Jina hilo halifai katika zabuni wala katika mtihani, kwani humtaja mtengenezaji mmoja. La pili ni kiweko, linaloonekana katika tafsiri za programu za kompyuta. Ni neno fupi, lakini kitenzi weka hakimwambii mtu chochote kuhusu kucheza, na zaidi ya hayo neno hilo limekwisha kutumika kwa maana nyingine katika programu hizo hizo. La tatu ni mashine ya michezo.

Hili la tatu lataka hadhari. Neno michezo ni pana: lina kandanda, lina ngonjera na tamthilia za jukwaani, lina bao na karata. Lina pia michezo ya kubahatisha, ambayo husimamiwa na bodi yake kwa sheria ya mwaka 2003. Ofisa biashara akiandikiwa ombi la kibanda chenye mashine nne za michezo, atajuaje kama ni mashine za kuchezea fedha au ni mashine za watoto kushindana kandanda ya kwenye kioo? Leseni, kodi na umri wa wanaoruhusiwa kuingia hutegemea jawabu hilo.

Hapa ndipo neno la mkopo gemu linapotusaidia. Katika kinywa cha Mtanzania, gemu limepungua maana kuliko lilivyo kwao: mara nyingi huelekea kwenye mchezo wa kioo na vitufe. Kukopa kumetupatia neno jembamba mahali ambapo neno letu lilikuwa pana mno. Tunapendekeza basi mashine ya gemu, na katika hati za kisheria, mashine ya gemu za video.

KIPANGA NJIA

Katika nyumba yenye mashine nyingi, chombo kimoja hupokea mawasiliano kutoka nje na kuamua kila kipande kiende wapi. Wengine hukiita ruta, wengine kisambaza mtandao, na wengine kipanga njia. Kisambaza mtandao hupotosha, kwani kusambaza mawimbi ni kazi moja tu ya chombo hicho, na chombo kingine chaweza kusambaza mawimbi bila kupanga lolote. Kipanga njia hufuata umbo la kipaza sauti na kipima joto, maneno ambayo kila mwalimu anayo, na hutaja kazi yenyewe. Tunalichagua hilo kwa maandishi. Ruta limekwisha kuvaa sauti za Kiswahili, na hatuoni sababu ya kulikataza katika mazungumzo.

ANWANI YA NDANI NA ANWANI YA NJE

Kila chombo kinachowasiliana katika intaneti huhitaji anwani ya tarakimu. Mfumo wa anwani ulioenea zaidi, yaani toleo la 4, una anwani 4,294,967,296 tu, na akiba kuu ya dunia ilikwisha kugawiwa yote mwezi Februari 2011. Ili zitosheleze, nyumba nzima hupewa anwani moja ya nje, na vyombo vya ndani hutumia anwani za ndani, mathali zianzazo na 192.168 au 10, ambazo zilitengwa rasmi kwa kazi hiyo mwaka 1996.

Walimu wetu wanaweza kulieleza jambo hili kwa mfano walioujua siku nyingi. Shule ya bweni yenye wanafunzi mia sita hutumia sanduku moja la posta. Barua zote hutoka na kuingia kwa S.L.P. hiyo moja. Karani wa shule huandika katika daftari ni mwanafunzi gani aliyeandika barua na kwa nani, ili jawabu lifikapo ajue ampe nani. Kipanga njia nacho kina daftari la namna hiyo. Mashine ya gemu itumapo ujumbe, kipanga njia hufuta anwani ya ndani, huweka anwani ya nje, na huandika kumbukumbu. Kazi hii, ambayo katika kioo cha mashine huonyeshwa kwa herufi NAT, tunapendekeza iitwe ubadilishaji wa anwani.

Mfano huu waonyesha pia chanzo cha matatizo ya gemu. Barua ya kujibu humfikia mwenyewe. Lakini barua ya kwanza, kutoka kwa mtu ambaye hakuandikiwa na yeyote shuleni, karani hana mahali pa kuipeleka, naye huiweka kando. Katika gemu nyingi mchezaji wa mbali hutaka kuifikia mashine yako moja kwa moja bila wewe kumtangulia. Ujumbe wake huachwa mlangoni. Ndiyo sababu mashine huonyesha kwamba ubadilishaji wa anwani ni wazi, wa wastani au uliobana: wazi ni pale wageni wapitapo, na uliobana ni pale wasipopita.

MLANGO, LANGO, TUNDU, SI BANDARI

Kila mawasiliano katika anwani moja hupewa namba ya kuyatofautisha, kuanzia 0 hadi 65535. Katika tafsiri zilizofanywa kwa haraka, hasa zile za mashine, namba hiyo imeitwa bandari, kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa vitu hivyo viwili. Mwananchi wa Hanang aambiwapo afungue bandari nyumbani kwake hana budi kucheka au kuogopa. Tunashauri neno hilo liachwe kwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara.

Tunapendekeza mlango kwa namba hiyo, mathali mlango namba 3074. Lango libaki kwa chombo ambacho mawasiliano yote ya nyumba hupitia kwenda nje. Tundu liwe ni lile linaloonekana kwa macho, ambamo waya huchomekwa. Mfasiri akiyachanganya matatu haya, msomaji wake atatafuta kwa vidole kitu kisichoshikika.

Sasa kanuni ya kazi yaweza kuelezwa kwa sentensi moja: mlango mmoja wa nje waweza kuelekezwa kwa mashine moja tu kwa wakati mmoja. Mashine za Xbox kwa kawaida hutaka mlango namba 3074. Zikiwa mbili katika nyumba moja, ya kwanza huupata, na ya pili lazima ipewe mlango mwingine. Kazi ya mwenye nyumba kuandika katika kipanga njia kwamba mlango fulani uende kwa mashine fulani tunaiita kuelekeza mlango. Utaratibu wa mashine zenyewe kujiombea milango, ambao katika vipanga njia huandikwa UPnP, tunauita kuomba mlango.

UTARATIBU WA KUUNGANISHA

Kwa kuyatumia maneno tuliyokwisha kuyaeleza, maagizo ya kuunganisha mashine mbili au zaidi yaweza kuandikwa hivi:

1. Unganisha kila mashine na kipanga njia kwa waya kama tundu zinatosha. Mawimbi ya ndani hudhoofishwa na kuta, nayo hugombaniwa na simu zote za nyumbani.

2. Katika kipanga njia, itengee kila mashine anwani yake ya ndani isiyobadilika, ili daftari lisichanganye mashine hii na ile.

3. Ruhusu kuomba mlango. Kama kipanga njia hakina utaratibu huo, elekeza milango kwa mkono, kila mashine kwa namba yake tofauti.

4. Zima mashine zote, washa upya kipanga njia, kisha washa mashine moja baada ya nyingine, ili kila moja ipate mlango wake bila kugombana.

5. Angalia katika kila mashine hali ya ubadilishaji wa anwani. Ikiwa moja ni wazi na nyingine imebana, rudi kwenye hatua ya tatu.

Tahadhari mbili hazina budi kuambatana na maagizo hayo. Kwanza, kuomba mlango huruhusiwa kwa kila chombo kilicho ndani, hata kile chenye programu mbaya. Kwa hiyo nywila ya kipanga njia iliyotoka kiwandani ibadilishwe, na mlango usiohitajiwa ufungwe. Pili, kusiwe na kipanga njia ndani ya kipanga njia. Simu inayogawa intaneti kwa kipanga njia, nacho kikaigawa kwa mashine, ni makarani wawili wenye madaftari mawili. Ruhusa ya mmoja haimfungi mwingine.

PALE AMBAPO MAAGIZO HAYAFUI DAFU

Katika wilaya nyingi za vijijini intaneti hufika nyumbani kwa laini ya simu. Watoa huduma wa simu, kwa uhaba ule ule wa anwani, mara nyingi huwapa wateja wengi anwani moja ya nje. Hapo karani mwingine mkubwa huketi kwa mtoa huduma, mbali na nyumba. Mwenye nyumba anaweza kuelekeza milango yake mchana kutwa bila faida yoyote, kwani barua za wageni zimekwisha kukataliwa kabla ya kufika Haydom au Katesh. Dalili yake ni hii: anwani ya nje inayoonyeshwa na kipanga njia huanza na 10, au na 100.64 hadi 100.127. Dawa ni kumwomba mtoa huduma anwani ya nje ya pekee, au kutumia toleo la 6 la anwani pale linapopatikana, ambalo lina anwani za kutosha kila chombo. Hali hii tunapendekeza iitwe anwani ya pamoja ya mtoa huduma. Mteja mwenye istilahi hiyo anaweza kuuliza swali linalojibika. Asiye nayo hubaki kulalamika kwamba mtandao ni mbovu.

UPANA NA UKAWIAJI

Mwisho kuna neno kasi, linalobeba mambo mawili. Barabara pana hupitisha magari mengi kwa pamoja, lakini haisogezi Babati karibu na Katesh. Kiasi cha data kinachopita kwa sekunde tukiite upana. Muda ambao ujumbe huchukua kwenda na kurudi tuuite ukawiaji. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikiwa kompyuta ya mchezo iko umbali wa kilomita 10,000 za mkongo, safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 100, hata mteja akilipia kifurushi kikubwa namna gani. Kucheza kwenyewe hutumia data kidogo. Kinachomaliza kifurushi ni kupakua gemu, kwani gemu moja ya siku hizi yaweza kuzidi gigabaiti 50. Mzazi anayeelewa tofauti hiyo hatanunua upana ilhali shida yake ni ukawiaji, na atauliza kwanza kama mashine zake zaweza kunakiliana gemu ndani ya mtandao wa nyumbani, badala ya kuipakua mara mbili.

HITIMISHO

Historia ya karibuni yatufunza mambo mawili. Matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wananchi walikuwa na king'amuzi na kisimbuzi kwa pamoja, na hadi leo maneno yote mawili yangali yanashindana. Kwa upande mwingine, kishikwambi, neno lisilojieleza lenyewe, lilienea nchi nzima kwa sababu makarani wa Sensa ya mwaka 2022 walikishika mikononi, na baadaye walimu wakagawiwa. Istilahi huenea pale ofisi inapoitumia. Mwalimu akiandika kipanga njia ubaoni, na ofisa akiandika mashine ya gemu katika fomu ya leseni, kazi kubwa itakuwa imekwisha.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu wa Mbulu na Hanang, wayajaribu maneno haya darasani na kutuarifu ni yapi yaliyoeleweka na yapi yaliyogoma. Kama kuna neno bora zaidi linalotumika huko, liwe la Kiswahili au lenye asili ya Kiiraki au Kidatoga, tutalipokea kwa mikono miwili na kulipima sawasawa na mengine.

Istilahi zinazopendekezwa

Mashine ya gemu: chombo cha kuchezea gemu za video katika runinga.
Mtandao wa nyumbani: vyombo vilivyounganishwa pamoja ndani ya nyumba moja.
Mtoa huduma: kampuni inayomwunganisha mteja na intaneti.
Kipanga njia: chombo kinachoamua njia ya kila ujumbe.
Anwani ya ndani: anwani itumikayo ndani ya nyumba tu.
Anwani ya nje: anwani ionekanayo katika intaneti.
Anwani ya pamoja ya mtoa huduma: anwani moja ya nje inayotumiwa na wateja wengi.
Ubadilishaji wa anwani: kazi ya kuweka anwani ya nje badala ya ya ndani, na kinyume chake.
Lango: chombo ambacho mawasiliano yote ya nyumba hupitia kwenda nje.
Mlango: namba inayotofautisha mawasiliano katika anwani moja.
Kuelekeza mlango: kuuandikia mlango wa nje mashine yake.
Kuomba mlango: mashine kujiombea mlango kwa kipanga njia.
Tundu: mahali pa kuchomeka waya.
Upana: kiasi cha data kinachopita kwa sekunde.
Ukawiaji: muda wa ujumbe kwenda na kurudi.